Mchanga wa Mto ni Akiba ya Maji: Ombi la Machimbo Linapofika Kijijini



Katika parokia nyingi za Ukambani, mazungumzo yanayosikika nje ya kanisa baada ya Misa ya Dominika hayahusu tena mvua na mavuno peke yake. Yanahusu mchanga. Tangazo limebandikwa kwenye ofisi ya chifu kwamba kampuni fulani inaomba kibali cha kuchimba mchanga na kokoto mtoni, au katika mashamba yanayopakana na mto. Baadhi ya waamini wanalipinga ombi hilo kwa nguvu zao zote. Wengine wanaona kwamba ajira waliyoiomba kwa miaka mingi imewafikia mlangoni. Wote hao husali rozari katika jumuiya ndogo ndogo moja na kupokea Ekaristi katika altare moja.

Ndipo swali linapoletwa kwetu sisi wachungaji: Je, kupinga mradi wa namna hiyo ni kukataa maendeleo? Na kuukubali, je, ni kuwasaliti majirani? Makala haya yanakusudia kueleza mchanga una kazi gani katika nchi kame kama yetu, kaunti ya Makueni ilijifunza nini, Maandiko Matakatifu na mafundisho jamii ya Kanisa yanatuangazia nini, na sheria ya nchi inampa mwananchi nafasi gani ya kusema. Anayeyafahamu mambo hayo hatakosana na jirani yake kwa sababu ya uvumi.

Mto unaoficha maji yake

Mgeni anayepita Makueni au Kitui wakati wa kiangazi huitazama mito kama Thwake, Kaiti na Tiva, asione ila mchanga mtupu kutoka ukingo hadi ukingo. Husema mto umekauka. Mwenyeji anajua kwamba mto haukukauka, bali umeyaficha maji yake. Mvua zinaponyesha, maji hupenya na kukaa katikati ya chembe za mchanga, mahali ambapo jua haliwezi kuyakausha upesi wala mbu hawezi kutaga mayai. Mchanga huohuo huyachuja. Ndiyo maana akina mama huchimba visima vya mchangani, wakateka maji kwa kata, wakajaza mitungi na kuwapakia punda, hata miezi kadhaa baada ya mvua kukatika.

Kwa miongo mingi wakazi wa Ukambani wameiga hekima hiyo kwa kujenga mabwawa ya mchanga. Ukuta wa zege husimamishwa juu ya mwamba, ukaukinga mto wa msimu. Mafuriko huleta mchanga, nao hujaa nyuma ya ukuta msimu baada ya msimu. Katika mchanga ulioshiba namna hiyo, maji huweza kuwa kati ya asilimia 25 na 40 ya ujazo wote.

Tufanye hesabu ndogo. Tuchukue lori linalobeba mita 10 za ujazo za mchanga, na tuchukue kiwango cha chini, yaani asilimia 25. Lori hilo moja limeondoa mtoni nafasi ya kuhifadhi lita 2,500 za maji, sawa na mitungi 125 ya lita 20. Hata kama si maji yote hayo yangetekeka, familia inayotumia mitungi mitano kwa siku ingepata humo maji ya wiki kadhaa. Tena nafasi hiyo ingejazwa upya kila msimu wa mvua, mradi mchanga upo. Bei ya lori hulipwa mara moja tu.

Mchanga ukiondolewa hadi kwenye mwamba, mvua inayofuata hupita mbio kuelekea baharini. Maji yasiyopata pa kupumzika hubomoa kingo, yakachukua migomba na miembe iliyopandwa kando, na kufukua misingi ya madaraja. Machimbo ya kokoto nayo yana madhara yake. Vumbi la mawe yanayopasuliwa huwa na silika, ambayo huharibu mapafu ya mfanyakazi asiye na kinga. Mashimo yanayoachwa wazi hujaa maji ya mvua, yakawa mazalio ya mbu na mahali pa watoto kuzama.

Hatusemi kwamba mchanga usichimbwe kabisa. Shule, zahanati na nyumba zetu zimejengwa kwa saruji, mchanga na kokoto. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria mwaka 2022 kwamba dunia hutumia takriban tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka. Mchanga wa jangwani, ambao upepo umeulainisha chembe zake, haufai sana kwa zege; ndiyo maana wajenzi huufuata mchanga wa mito. Haja ni ya kweli. Swali la haki ni hili: haja ya nani inatimizwa, kwa kiasi gani, na ni nani anayebaki na kiu?

Funzo la Makueni

Kaunti ya Makueni ilijibu swali hilo baada ya kuumia. Miji ilikuwa inakua, Nairobi ikiwa ya kwanza, na baadaye ukaja ujenzi wa reli ya kisasa kati ya Mombasa na Nairobi, iliyozinduliwa mwaka 2017. Mahitaji ya mchanga yalipanda. Malori yaliingia mitoni usiku na mchana. Visima vya mchangani vilikauka, na uhasama ukazuka kati ya wazoaji mchanga na wakazi waliowazuia. Watu walipoteza maisha katika migogoro hiyo, akiwemo afisa wa polisi.

Mwaka 2015, chini ya gavana wa kwanza wa kaunti hiyo, Profesa Kivutha Kibwana, Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga. Sheria hiyo iliunda mamlaka maalumu ya kusimamia rasilimali hiyo, ikataka uchimbaji ufanyike kwa kibali katika maeneo yaliyoidhinishwa, na ikazuia biashara ya kusafirisha mchanga nje ya kaunti. Haikumaliza wizi wa mchanga kwa siku moja, na bado yapo malalamiko. Lakini ilithibitisha jambo moja kubwa: wananchi waliosema "hapana" hawakuwa maadui wa maendeleo. Kilio chao kiligeuka kuwa sheria.

Isaka na visima vya bondeni

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, kina habari ambayo watu wa nchi kame huielewa bila kufafanuliwa. Wafilisti walikuwa wamevifukia kwa udongo visima vilivyochimbwa siku za Abrahamu. Isaka alivifukua tena, akavirudishia majina aliyoyatoa baba yake. Kisha watumishi wake wakachimba bondeni, wakapata maji yaliyo hai. Mara wachungaji wa Gerari wakadai kwamba maji ni yao. Isaka akakiita kisima hicho Eseki, maana yake ugomvi. Wakachimba kingine, nacho kikagombaniwa, akakiita Sitna, yaani uadui. Wakachimba cha tatu. Hicho hakikugombaniwa, akakiita Rehobothi, yaani nafasi, kwa maana Bwana alikuwa amewafanyia nafasi katika nchi.

Tuone mambo matatu. Kwanza, kuvifukia visima vya wazazi kunahesabiwa katika Maandiko kuwa tendo la uadui, kwa sababu kisima ni urithi wa wasiozaliwa bado. Pili, Isaka hakunyamaza juu ya dhuluma. Aliipa jina lake, na jina hilo likabaki mahali pale. Baadaye Abimeleki alipomjia, alimwuliza waziwazi sababu ya kuja kwa mtu waliyemchukia na kumfukuza. Lakini hakuchukua silaha, na ugomvi huo uliishia kwa karamu na kiapo cha amani. Tatu, Isaka aliweza kuhama na mifugo yake kutafuta bonde jingine. Mjane mwenye ekari mbili kando ya mto hawezi kuhama. Kwa hiyo tusimhubirie uvumilivu tu. Ni wajibu wetu kumsaidia apate Rehobothi yake pale alipo.

Kanisa linafundisha nini?

Mama Kanisa anafundisha kwamba Mungu ameiweka dunia na vyote vilivyomo kwa ajili ya wanadamu wote. Haki ya kumiliki mali ni halali, lakini iko chini ya lengo hilo la asili. Mwenye shamba kando ya mto ana haki ya kunufaika na ardhi yake. Hana haki ya kuuza maji ya wale wanaoishi chini yake kwenye mkondo huohuo, na anayeuza mchanga wote wa mto huuza pia maji hayo.

Fundisho la pili ni mafao ya wengi. Ajira ya vijana ishirini ni sehemu ya mafao ya wengi. Maji ya kaya mia tatu ni sehemu yake pia. Hatuwezi kuyapima mambo hayo kwa kelele za mkutano, bali kwa kusikilizana na kwa ukweli. Fundisho la tatu ni kanuni ya auni, ambayo Papa Pius XI aliieleza mwaka 1931 katika waraka wake "Quadragesimo anno": yale ambayo jumuiya ndogo inaweza kuyatimiza yenyewe, mamlaka ya juu isiinyang'anye, bali iisaidie. Watu wanaoujua mto kwa kuchota maji yake hawapaswi kuwa wa mwisho kuambiwa kuhusu hatima yake.

Papa Fransisko, katika waraka wa "Laudato si'" wa mwaka 2015, alilieleza jambo hili kwa uwazi. Alifundisha kwamba tathmini ya athari kwa mazingira isiletwe baada ya mpango wa biashara kukamilika, bali iwe sehemu ya mradi tangu mwanzo, ifanyike kwa uwazi na bila shinikizo la fedha au siasa, na wenyeji wapewe nafasi ya pekee mezani. Akataka kila mradi uulizwe maswali: unalenga nini, kwa nini, wapi, lini, kwa namna gani na kwa ajili ya nani, hatari zake ni zipi, gharama zake ni zipi, na nani atakayezilipa. Papa alikiri pia kwamba Kanisa halidai kutatua masuala ya kisayansi wala kuchukua nafasi ya siasa.

Hapo tunapata mipaka ya kazi yetu. Padre si mtaalamu wa miamba, na mimbari si mahali pa kutoa leseni wala kuinyima. Lakini kuhakikisha kwamba anayekosa sauti anasikilizwa, hiyo ni kazi ya Injili, nasi hatuwezi kuikwepa kwa kisingizio cha kutojihusisha na siasa.

Sheria inakupa nafasi, itumie

Waamini wengi hudhani kwamba tangazo likishabandikwa, mambo yamekwisha kuamuliwa. Si hivyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 69 kinaitaka Serikali ihimize ushiriki wa wananchi katika kuyatunza mazingira. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa au kutishiwa, wala halazimiki kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyekwisha kupata hasara au kuumia. Kwa maneno mengine, huna haja ya kungoja kisima kikauke ndipo ulalamike.

Sheria ya usimamizi wa mazingira ya mwaka 1999, pamoja na kanuni zake za mwaka 2003, inadai kwamba mradi unaohitaji tathmini kamili utangazwe kwa mabango katika eneo husika, gazetini kwa wiki mbili mfululizo, na redioni kwa lugha rasmi na lugha ya wenyeji. Mwenye mradi anapaswa kufanya mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoathirika. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, ijulikanayo kama NEMA. Asiyeridhika na uamuzi wake anaweza kukata rufaa katika Mahakama Maalumu ya Kitaifa ya Mazingira ndani ya siku 60. Siku hizo huenda mbio. Anayezitumia kulalamika njiani atafika amechelewa.

Kutokana na hayo, tunashauri jumuiya zetu zifanye mambo haya:

Hudhurieni mikutano yote, si wa kwanza tu, na akina mama wawepo kwa wingi, kwa kuwa wao ndio wateka maji. Mkutano ukiitishwa saa ambazo wako mtoni, ombeni saa nyingine.

Someni kila karatasi kabla ya kuweka sahihi. Kusaini kwamba umehudhuria si sawa na kusaini kwamba umekubali. Kama karatasi haina kichwa cha maneno kinachoeleza sahihi hizo ni za nini, isiwekwe sahihi.

Andikeni hoja zenu, msiseme tu. Visima vya mchangani viko wapi? Kaya ngapi huvitegemea, na katika miezi gani? Shule ipi itapitiwa na malori, na barabara hiyo ina upana gani? Barua yenye maswali kama hayo, iliyosainiwa na watu wanaojulikana, ina nguvu kuliko makelele ya siku nzima. Bakini na nakala yake, ikiwa na muhuri wa kupokelewa.

Ulizeni juu ya siku ya mwisho ya mradi kama mnavyouliza juu ya siku ya kwanza. Mashimo yatafukiwa na nani, kwa fedha zipi, na ahadi hiyo imeandikwa wapi?

Shirikisheni Tume ya Haki na Amani ya jimbo mapema, ili mpate ushauri wa wanasheria na wataalamu wa maji kabla ya muda kwisha.

Vijana wenye sepetu ni ndugu zetu

Tunapopinga machimbo yanayodhuru, tusimfanye kijana anayepakia lori kuwa adui. Mara nyingi huyo ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote katika safari nzima ya mchanga kutoka mtoni hadi mjini. Husimama ndani ya shimo ambalo kingo zake zaweza kumwangukia, na jioni huondoka na fedha za unga tu. Mtume Yakobo, katika sura ya tano ya barua yake, anasema kwamba ujira uliozuiliwa wa wavunaji hulia, na kilio hicho humfikia Bwana. Anayetaka kijana huyo aache mchanga na amsaidie kupata njia nyingine ya kuishi: mche wa embe, mkopo wa kikundi, nafasi katika chuo cha ufundi. Kumwambia "acha" bila kumwambia "njoo huku" ni kumtwika mzigo tusioutaka sisi wenyewe.

Kwa sababu hiyohiyo tunakataza kabisa kuchoma malori, kuwapiga madereva na kuwatisha majirani waliouza mashamba yao. Haki inayotafutwa kwa moto humkuta mjane mwenyewe akiwa katikati ya moto huo. Mto haukupona hata mara moja kwa damu kumwagwa kwenye ukingo wake.

Tena tuanzie nyumbani. Parokia zetu nazo hujenga. Halmashauri ya parokia inapopokea malori ya mchanga kwa ajili ya kanisa jipya, nyumba ya mapadre au ukumbi, na iulize: mchanga huu umetoka mto gani, kwa kibali gani, na nani amekubali? Mfadhili anapoutoa kama sadaka, swali ni lilelile. Hatuwezi kumtolea Mungu juu ya sakafu iliyochanganywa kwa maji ya maskini, halafu tukawafundisha wengine haki. Mkandarasi atakayeambiwa kwamba parokia haipokei mchanga usio na kibali atajifunza zaidi kuliko kwa mahubiri matatu.

Tuombe nafasi kwa wote

Parokia inaweza kupita katika mgogoro wa namna hii ikatoka ikiwa imegawanyika kwa kizazi kizima: jumuiya zisizosali pamoja, ndugu wasiozikana. Inaweza pia kutoka ikiwa imekomaa, kwa sababu waamini wake walijifunza kusoma sheria, kusema ukweli mbele ya wenye fedha na madaraka, na kumsikiliza jirani mwenye maoni tofauti. Hakuna anayeweza kutuchagulia kati ya njia hizo mbili.

Kwa hiyo tunaziomba jumuiya ndogo ndogo zisome pamoja sura ya 26 ya kitabu cha Mwanzo, kisha zijiulize ni visima vipi vya wazazi wetu vinavyofukiwa katika kizazi chetu, na nani kati yetu ambaye hajaulizwa neno. Matokeo ya mazungumzo hayo yafikishwe kwa halmashauri ya kigango na ya parokia, ili hatua zichukuliwe muda ungalipo.

Mungu Mwenyezi, aliyewafanyia nafasi watumishi wake katika nchi, atufanyie nafasi na sisi: anayejenga, anayepakia, na yule mama anayeinama juu ya kisima cha mchangani kabla ya mapambazuko.

Tumsifu Yesu Kristo.